Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wahudumu wa afya kazini: imbane mshambuliaji au mwajiri?

#1 Zamu ya Usiku (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Kila muuguzi au daktari anapopigwa akiwa kazini na habari ikasambaa, sauti ya kwanza kusikika ni ya kudai kifungo kirefu zaidi kwa mshambuliaji. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, na ninadai kwamba sheria ya aina hiyo haijamzuia hata mtu mmoja kuniinulia mkono. Anayeniinulia mkono usiku wa manane, akiwa amelewa au akiwa amempakata mtoto anayevuja damu, hana habari na kifungu chochote. Sheria ninayoitaka mimi ni ile inayomhoji mwajiri kabla tukio halijatokea. Chumba cha kupokelea wagonjwa kina mlango wa pili wa kutokea, au meza ya muuguzi imesukumwa kwenye kona? Zamu ya usiku ina watu wangapi? Kitufe cha kuomba msaada kikibonyezwa, nani anasikia, na anachukua muda gani kufika?

Huko Marekani, muswada wa namna hiyo ulioletwa na mbunge Joe Courtney ulipitishwa na Bunge la Wawakilishi mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na mara zote mbili ukaishia mikononi mwa Seneti. Ungeilazimisha mamlaka ya usalama kazini kutunga kanuni ya kumtaka mwajiri wa sekta ya afya na ustawi wa jamii awe na mpango wa maandishi wa kuzuia ukatili. Swali langu ni hili: kwa nini sheria za kumbana mwajiri hukwama, ilhali za kumfunga mshambuliaji hupita upesi?

#2 Wakili wa Jioni

Mada ni nzuri, ila umeijenga juu ya dhana kwamba kazi ya sheria ya jinai ni kutisha tu. Sheria hiyo pia humwondolea polisi kisingizio cha kumrudisha mlalamikaji nyumbani kwa maneno kwamba "hayo ni mambo ya kazini kwenu". Chukua mfano wa Uingereza. Mwaka 2018 ilitungwa sheria mahususi kuhusu mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wa huduma za dharura, wakiwemo wa afya, ikaweka kifungo kisichozidi miezi 12 kwa shambulio ambalo likifanywa dhidi ya mtu mwingine yeyote kikomo chake kilikuwa miezi 6. Mwaka 2022 kikomo hicho kikapandishwa hadi miaka 2.

India nayo, mwaka 2020 wakati wa Uviko, iliweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, na hadi miaka 7 pale ambapo mhudumu ameumizwa vibaya, pamoja na sharti kwamba upelelezi ukamilike ndani ya siku 30. Kwangu mimi, hizo siku 30 zina uzito kuliko hiyo miaka 7. Mtu hutishwa na uhakika wa kukamatwa kuliko urefu wa adhabu asiyoamini kwamba itamfikia.

#3 Kalamu Nyekundu

Nina masahihisho kabla uzi haujaenda mbali.

Sheria ya 2018 inahusu England na Wales peke yake. Uskoti walikuwa na sheria yao ya wafanyakazi wa dharura tangu mwaka 2005. Ile ya India ilikuwa marekebisho ya Sheria ya Magonjwa ya Mlipuko ya mwaka 1897, kwa hiyo kinga yake imefungwa kwenye kipindi cha mlipuko. Ndiyo maana Agosti 2024, baada ya daktari mwanafunzi kubakwa na kuuawa ndani ya hospitali mjini Kolkata, madaktari walijaa barabarani wakidai sheria ya kitaifa ya kudumu, na Mahakama ya Juu ikaunda kikosi kazi cha kupendekeza hatua za usalama.

Mleta mada, unasema sheria ya kifungo haijamzuia hata mtu mmoja. Umejuaje? Aliyezuiwa hatakuja kukuambia kwamba alikuwa na nia ya kukupiga akaghairi.

#4 Mchokozi

Kalamu Nyekundu ameingia. Nawashauri wote wenye tarehe za kukadiria wazifute mapema.

#5 Bi. Mkongwe wa Wodi

Wanangu, mnazungumza kana kwamba kila anayempiga muuguzi ni mhalifu. Mimi nimestaafu baada ya kufanya kazi muda mrefu katika wodi ya upasuaji, na aliyenivunja kidole alikuwa mzee mpole aliyeamka kutoka kwenye usingizi wa dawa akiwa amechanganyikiwa, akadhani mpira wa dripu ni kamba aliyofungwa na wezi. Alinikamata kiganja, akakikunja nyuma, huku akiniita kwa jina la mtu ambaye sikumjua. Siku ya pili yake alikuwa akiuliza kwa nini mkono wangu una bandeji, na hakuna aliyemwambia.

Mzee yule mngemfunga? Hakimu angemwuliza nini? Na wapo wengi: wenye maradhi ya kusahau, wenye sukari iliyoshuka, walioumia kichwa, wanaotoka katika kifafa. Kwa hao kifungu cha jinai hakina kazi yoyote. Kilichokosekana usiku ule kilikuwa mtu wa pili wa kusimama nami, kwa sababu nilikuwa peke yangu na wodi nzima, na taa ya upande ule ilikuwa imezimwa ili wagonjwa walale.

#6 Mlinzi wa Lango

Asante mama kwa kusema ukweli. Naomba nami niongeze upande usiosikika. Mimi ni mlinzi hospitalini, na mkataba wangu unasema kwamba ninalinda mali. Nikiitwa wodini naambiwa "mshike huyo", lakini hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kumshika mgonjwa bila kumuumiza, na akiumia mimi ndiye wa kwanza kusimamishwa kazi. Matokeo yake walinzi wengi hufika, husimama mlangoni, na husubiri mambo yatulie yenyewe. Wauguzi wanatuona waoga. Sisi tunajiona watu ambao hawajui wamepewa mamlaka gani.

#7 Msoma Ripoti

Niweke takwimu mezani ili tusizungumze kwa hisia pekee. Shirika la Afya Duniani linataja kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupatwa na ukatili wa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliounganisha tafiti 253 zenye washiriki zaidi ya 330,000, ulikuta kwamba takriban asilimia 62 walikuwa wamekumbana na ukatili wa aina yoyote ndani ya mwaka mmoja, na takriban asilimia 24 ukatili wa kimwili.

Kuhusu iwapo sheria ya kumbana mwajiri inafanya kazi, kuna ushahidi ambao mleta mada hakuutaja. California ilitunga sheria ya usalama wa hospitali mwaka 1993, iliyodai tathmini ya hatari, mpango wa usalama na mafunzo kwa wafanyakazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha hospitali za huko na za New Jersey, ukakuta kwamba mashambulizi katika vitengo vya dharura vya California yalipungua kwa asilimia 48 ikilinganishwa na New Jersey baada ya sheria kutungwa.

#8 Kalamu Nyekundu

Namba ni sahihi, lakini tahadhari iwepo: majimbo mawili hutofautiana kwa mengi zaidi ya sheria moja. Hata hivyo, kuna jambo linaloupa utafiti huo nguvu. Sheria inayowataka watu waandike matukio kwa kawaida huongeza idadi ya matukio yaliyoandikwa, si kuipunguza. Pale ambapo idadi imeshuka licha ya msukumo huo, inafaa kuitazama kwa makini.

#9 Zamu ya Usiku

Msoma Ripoti, shukrani. Hapo kwenye kuandika ndipo penye kidonda. Mwenzangu alitemewa mate usoni na kupigwa teke la tumbo wakati akimwekea mgonjwa sindano. Fomu ya tukio ilikuwa na kurasa kadhaa, ilipaswa kujazwa baada ya zamu kwa muda wake mwenyewe, na msimamizi alimwuliza swali moja tu: "Ulimwambia nini hadi akafika huko?" Hakuijaza, na tukio hilo halipo katika takwimu za mtu yeyote.

#10 Msoma Ripoti

Hayuko peke yake. Utafiti wa mwaka 2015 katika mfumo mmoja wa hospitali nchini Marekani ulilinganisha yale ambayo wafanyakazi waliyasema katika dodoso na yale yaliyokuwa katika mfumo wa kielektroniki wa kuripoti. Asilimia 88 ya waliosema wamefanyiwa ukatili hawakuwa wameingiza tukio lolote katika mfumo huo.

#11 Ndugu wa Mgonjwa

Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaokaa kwenye mabenchi, kwa sababu uzi huu unatutaja kama tatizo bila kutuuliza. Nilikaa na baba yangu kwenye mapokezi tangu jua halijazama hadi watu wa usiku wakaingia. Hakuna aliyetuambia kama tuko kwenye foleni, kama faili lipo, au kwa nini waliokuja nyuma yetu wanaingia kabla yetu. Mwanaume aliyekaa kando yangu, ambaye mkewe alikuwa akitapika kwenye mfuko wa plastiki, aliinuka akaupiga ngumi ule ukuta wa kioo wa mapokezi. Dakika moja baadaye daktari alitoka na akaeleza utaratibu wa kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Maelezo yenyewe yalikuwa mafupi na ya kueleweka. Yangetolewa mapema, kioo kisingepigwa.

Sitetei ngumi. Nasema kwamba watu wote waliokuwepo pale walijifunza kuwa ngumi ndiyo inayoleta majibu.

#12 Mchokozi

Ndugu wa Mgonjwa, tunaomba ututajie mapema siku utakayokuja, ili tupange kioo cha akiba.

#13 Wakili wa Jioni

Mchokozi, mwache, kwa maana hoja yake ina ushahidi. Katika mradi ulioanza mwaka 2011 nchini Uingereza, Baraza la Usanifu pamoja na Wizara ya Afya walijaribu jambo dogo katika vitengo vya dharura vya hospitali mbili, moja ikiwa Southampton na nyingine London. Waliweka mabango yanayomweleza mgonjwa yuko hatua gani, nini kinafuata na kwa nini kuna kusubiri. Tathmini ilikuta kwamba tabia za vitisho zilipungua kwa asilimia 50, na kwamba kila pauni 1 iliyotumika ilirudisha faida ya pauni 3. Hakuna aliyefungwa, na hakuna mlinzi aliyeongezwa.

#14 Zamu ya Usiku

Bango ni zuri, na kesho nikipewa nitalibandika mwenyewe. Lakini aliyempiga teke mwenzangu hakuwa kwenye foleni. Alikuwa tayari kitandani, anahudumiwa. Tusihame kutoka kwenye maelezo ya "wote ni wahalifu" tukaangukia kwenye maelezo ya "wote wamecheleweshwa".

#15 Mtawala

Naandika nikiwa upande ambao humu ndani hauna marafiki: utawala wa hospitali. Mleta mada ameuliza kwa nini sheria ya kumbana mwajiri hukwama. Jibu ni bajeti. Kufunga milango inayofunguliwa kwa kadi, kuweka kengele za ukutani, kuongeza mtu mmoja katika kila zamu ya usiku na kuwatoa watu kazini kwa mafunzo, vyote vinatoka katika fungu lile lile linalonunua dawa. Adhabu ya kifungo inalipiwa na serikali kupitia mahakama na magereza. Mpango wa usalama unalipiwa na hospitali. Chama cha hospitali cha Marekani kiliupinga muswada wa Courtney, kikisema kwamba hospitali tayari zina taratibu zinazolingana na mazingira yake, na papo hapo kikaunga mkono muswada mwingine wa kuwaadhibu washambuliaji, uliotungwa kwa kufuata kinga waliyo nayo wahudumu wa ndege.

Sisemi kwamba ni haki. Nasema kwamba hapo ndipo mzigo unapoangukia, na kila mmoja husukuma upande ambao hautamwangukia yeye.

#16 Kalamu Nyekundu

Nashukuru kwa uwazi. Lakini huo muswada wa pili, ulioletwa mwaka 2022 na tena mwaka 2023, nao haukuwa sheria katika vipindi hivyo viwili vya bunge. Kwa hiyo dai la mleta mada kwamba sheria za vifungo "hupita upesi" haliko sawa kwa ngazi ya taifa hilo. Mahali pengine ni kweli. Italia, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuongeza adhabu, na Oktoba 2024 ikaongeza agizo linaloruhusu mshambuliaji akamatwe ndani ya saa 48 baada ya tukio iwapo picha za video zinaonyesha bila shaka kwamba ndiye. Kanada nayo mwishoni mwa 2021 iliifanya kuwa jinai kumtisha mhudumu wa afya ili asitekeleze kazi yake, kwa kifungo cha hadi miaka 10.

#17 Bi. Mkongwe wa Wodi

Mtawala mwanangu, nakuheshimu, ila fungu la dawa lisitumiwe kama ngao. Muuguzi aliyevunjwa kidole naye hugharimu: likizo ya ugonjwa, mtu wa kumshikia zamu, na mara nyingi barua ya kuacha kazi. Gharama hizo hazionekani kwa sababu hakuna anayeziandika kwenye mstari wenye jina la ukatili.

#18 Dkt. Mwanagenzi

Samahani kwa kuchelewa kuingia, nimetoka zamu. Naona wote mnamzungumzia mgonjwa na ndugu yake tu. Kanuni ya California iliyoanza kutumika mwaka 2017 inagawa ukatili kazini katika aina nne: wa mtu asiye na shughuli halali mahali hapo, wa mgonjwa au mgeni wake, wa mfanyakazi dhidi ya mfanyakazi, na wa mtu mwenye uhusiano binafsi na mfanyakazi anayemfuata kazini. Aina ya tatu humu jukwaani haitajwi kabisa. Mimi nimerushiwa mkasi wa upasuaji na bingwa mbele ya timu nzima kwa sababu nilichelewa kumpa uzi. Haukunigusa, uligonga sinia. Wote waliinamisha macho, na kazi ikaendelea.

Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa tarehe 21 Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unawataja waziwazi wanagenzi na watu walio mafunzoni kuwa miongoni mwa wanaolindwa, bila kujali hali ya mkataba wao. Na unagusa pia ukatili unaofanywa na watu wa nje, yaani wagonjwa na wageni.

#19 Mchokozi

Daktari, pole. Huyo bingwa akija kulazwa, naomba sindano zake apewe na Bi. Mkongwe.

#20 Bi. Mkongwe wa Wodi

Mchokozi, sindano zangu haziumi. Ulimi wako ndio unaouma.

#21 Wakili wa Jioni

Dkt. Mwanagenzi ametufungulia mlango muhimu. Mkataba huo unazitaka nchi zihakikishe kwamba mfanyakazi ana haki ya kujiondoa mahali pa kazi anapokuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba pana hatari ya karibu na kubwa kwa maisha, afya au usalama wake kutokana na ukatili, bila kulipiziwa kisasi. Kwa mfanyakazi wa kiwandani jambo hili ni rahisi: unazima mashine na kutoka. Lakini muuguzi akitoka, mgonjwa wa kitanda cha tatu mwenye mashine ya kupumulia anabaki na nani? Ningependa kusikia walioko kazini wanasemaje.

#22 Zamu ya Usiku

Hutoki. Kitabia hutoki, hata sheria ikikuruhusu. Unajisogeza kati ya mshambuliaji na mgonjwa aliye dhaifu, halafu baadaye unaulizwa kwa nini hukufuata utaratibu.

#23 Bi. Mkongwe wa Wodi

Mimi nina maoni tofauti na ya mwanangu hapo juu. Tulifundishwa kwamba muuguzi aliyelala sakafuni hamsaidii mtu. Nilikuwa nikiwaambia wapya watoke, wafunge mlango wa kioo, waite msaada, na waendelee kumtazama mgonjwa kupitia kioo. Ni vigumu, lakini kazi hii haikuomba watu wa kuifia.

#24 Mtawala

Na mimi kama mwajiri ninaogopa pande zote mbili. Muuguzi akitoka na mgonjwa akafa, familia inanishtaki. Asipotoka akaumia, chama cha wafanyakazi kinanishtaki. Kanuni nyingi nilizosoma humpa mfanyakazi haki ya kutoka bila kusema nani anaingia. Kwa maoni yangu, haki hiyo bila idadi ya chini ya watu katika zamu ni maandishi matupu.

#25 Msoma Ripoti

Hapo mtawala amesema jambo ambalo mleta mada angelisema. Niongeze kuhusu mafunzo, maana kila sheria huyataja. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio ya elimu na mafunzo ya kuzuia ukatili kwa wahudumu wa afya, yakahitimisha kwamba mafunzo yanaweza kuongeza maarifa na kubadili mtazamo, ila huenda hayapunguzi idadi ya mashambulizi. Kinyume chake, jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, ambalo kila kitengo kilipewa takwimu zake chenyewe kisha wasimamizi na wafanyakazi wakazunguka eneo lao na kutengeneza mpango wao, liliona kupungua kwa matukio katika miezi ya mwanzo, na kupungua kwa majeraha hata miaka miwili baadaye.

#26 Zamu ya Usiku

Hilo la kuzunguka nalipenda. Sisi tulizunguka wenyewe bila kuagizwa na mtu. Tulikuta kwamba kamba za vitambulisho shingoni hazikatiki zikivutwa, kwamba stendi ya dripu iliyovunjika imeegeshwa nyuma ya mlango ambapo yeyote anaweza kuichukua kama rungu, na kwamba kitufe cha dharura kipo, kimefunikwa na kalenda. Kamba tulibadilisha. Stendi iliondolewa. Kuhusu kitufe, tuliambiwa kwamba fundi atakuja.

#27 Mfuatiliaji

Nimesoma uzi wote kimyakimya. Nawaletea mfano wa Uturuki, kwa sababu unakaa katikati ya pande mnazobishania. Baada ya daktari kuuawa na mtu wa familia ya mgonjwa mjini Gaziantep mwaka 2012, Wizara ya Afya iliweka mfumo unaoitwa Msimbo Mweupe. Mhudumu akishambuliwa anatoa taarifa kwa simu, na wizara inampa msaada wa kisheria. Hapendelewi kwa adhabu kubwa tu. Anapewa mtu wa kumsindikiza katika kesi.

#28 Wakili wa Jioni

Mfano huo unagusa kitu ambacho wengi hawakijui. Kesi nyingi za mashambulizi hospitalini hufa si kwa sababu kifungu hakipo, bali kwa sababu mlalamikaji ni muuguzi mmoja anayetakiwa kuacha zamu, kwenda kituoni kwa nauli yake, na kuandika anwani ya nyumbani kwake katika jalada ambalo mshtakiwa ataliona. Ikiwa hospitali ndiyo inayofungua malalamiko kwa anwani ya hospitali, hali hubadilika kabisa. Ningekuwa mtunga sheria, ningeanza na kifungu hicho.

#29 Kalamu Nyekundu

Ni kweli, lakini tusiisifu Uturuki kupita kiasi. Iliongeza adhabu mwaka 2020 na ikarudi tena kwenye suala hilo hilo mwaka 2022, jambo ambalo nchi haifanyi ikiwa tatizo limekwisha.

#30 Ndugu wa Mgonjwa

Nina hofu moja. Sheria hizi zikikamilika, je, faili la baba yangu litapigwa alama nyekundu kwa sababu alimsukuma mtu akiwa amechanganyikiwa, kisha kila anayelifungua amwogope na amhudumie akiwa mbali?

#31 Dkt. Mwanagenzi

Hofu yako ina msingi. Alama katika faili humlinda anayefuata, na humwonea mgonjwa aliyebadilika. Nimeona alama ambayo hakuna aliyejua iliwekwa lini wala kwa tukio gani. Angalau iwe na tarehe, sababu, na siku ya kupitiwa upya.

#32 Mlinzi wa Lango

Wakili, nina swali la mwisho kwa upande wangu. Mnasema "mwajiri abanwe". Mimi nimeajiriwa na kampuni ya ulinzi, si na hospitali. Sheria hiyo ikija, mwajiri wangu ni nani?

#33 Wakili wa Jioni

Swali zuri, ndugu. Mkataba 190 unakulinda popote ulipo kikazi na kwa mkataba wowote. Lakini kwa vitendo, kanuni ya California ndiyo iliyoeleza zaidi: hospitali inatakiwa kuratibu mpango wake na waajiri wengine ambao watu wao wanafanya kazi ndani yake. Daftari lake la matukio pia si la tarehe tu, na majina hayaruhusiwi kuandikwa humo. Linauliza iwapo mhudumu alikuwa peke yake, iwapo mwanga ulikuwa hafifu, iwapo alikuwa akiharakishwa, na iwapo zamu ilikuwa na upungufu wa watu. Tukio la Bi. Mkongwe lingejibu "ndiyo" karibu katika kila mstari.

Kuna sharti jingine linalokuhusu wewe moja kwa moja. Hospitali inapohesabu watu wa kuitikia kengele, mtu mwenye jukumu jingine linalomzuia kuitika papo hapo hahesabiki kuwa yupo.

#34 Mlinzi wa Lango

Nimekuelewa, wakili. Basi kwa hesabu hiyo, kituoni kwetu usiku hakuna mlinzi, kwa sababu mimi huyo huyo ndiye ninayefungua lango la magari ya wagonjwa, ninayeandika wageni, na ninayeshika ufunguo wa chumba cha maiti.

#35 Zamu ya Usiku

Mtawala, bila shaka umelisoma hilo. Kwako vipi?

#36 Mtawala

Nimelisoma. Kwetu pia yeye ndiye anayefungua lango. Ratiba ya mwezi ujao haijatoka bado, nitaiangalia kabla haijabandikwa.